Fungu la Muuza Maziwa

Mimi si daktari, na siku hizi mtu akiniita daktari namkatiza papo hapo. Nilikuwa mtu wa fomu. Kwa karibu mwaka mzima nilizunguka vijiji vya delta, kutoka Tarasaa hadi Hewani, nikiwauliza watu wazima maswali yanayotia haya. Je, unaweza kufunga vifungo vya nguo yako? Unaweza kuinua kikombe kilichojaa chai? Unaweza kujiosha bila kusaidiwa? Ukiweza bila taabu naandika sifuri, usipoweza kabisa naandika tatu. Mzee mmoja wa Idsowe aliniuliza kama mamangu anaijua kazi ninayofanya. Nikamwambia mamangu alishafariki. Akasema, basi afadhali.

Ulikuwa utafiti wa baridi yabisi. Kwetu ugonjwa huu hauna heshima yoyote. Ukisema viungo vinauma unaambiwa ni maji ya mpunga, umesimama majini tangu utotoni, ulitegemea nini? Ama unaambiwa ni uzee, hata kama una miaka thelathini. Daktari wetu mkuu, mwanamke mpole aliyeletwa kutoka Nairobi, alitufundisha mengine kabisa. Alisema kinga ya mwili imekosea adui, badala ya kupigana na vijidudu inavishambulia viungo vya mwenyewe, usiku na mchana, na haichoki. Maji ya mpunga hayana kosa. Niliposikia hivyo niliona hasira, maana kwa miaka sita nilikuwa nikimgombeza dada yangu atoke majini.

Dada huyo ndiye aliyenilea. Amenitangulia kwa miaka kumi na mmoja, na mama alipofariki ni yeye aliyeacha shule ili mimi niende. Nikisema mikono yake ndiyo iliyonisomesha sipambi maneno. Ililima mpunga, ikapanda ndizi, ikapiga kasia kuvusha mizigo ya watu. Ugonjwa ulimwanzia kwenye vifundo vya vidole. Vilivimba, vikawa vya moto, halafu vidole vyenyewe vikaanza kulala upande, vyote vikielekea kidole cha mwisho. Asubuhi hakuweza kufungua viganja mpaka jua lipande. Kupika kukamshinda, kusuka kukamshinda, na ilifika siku nikawa namkatia tonge namlisha, mtu mwenye maringo kuliko wote niwajuao duniani. Mimi nililia jikoni ili asinione.

Dawa ya kawaida ya ugonjwa huo ilikuwa ikipatikana mwezi huu, mwezi ujao hamna. Kwa hiyo mradi ulipokuja na dawa mpya, niliomba kazi kwa sababu moja tu. Sitajifanya nilipenda sayansi.

Mpango ulikuwa hivi. Kila mshiriki angepewa kopo la vidonge kila mwezi, ameze kimoja kila siku. Nusu ya makopo yalikuwa na dawa mpya, nusu yalikuwa na vidonge vitupu visivyo na dawa ndani, vinavyofanana na vile vingine kwa kila kitu. Hakuna aliyejua lipi ni lipi, si mgonjwa, si mimi, si daktari. Kompyuta ya huko mbali ndiyo iliyochagua. Lakini mtu akimaliza mwaka mzima bila kuvunja masharti, hata kama alikuwa wa vidonge vitupu, angepewa dawa yenyewe, bure, kwa miaka mitatu. Miaka hiyo mitatu ndiyo niliyoililia. Dada amalize mwaka, apate dawa ya hakika, mikono ifunguke. Mengine yote kwangu yalikuwa kelele.

Kulikuwa na fomu ya ridhaa, kurasa kumi na moja, na ilibidi niwasomee watu wa kijiji chetu kabla hawajatia saini. Waliotafsiri fomu ile sijui walikuwa wakimwandikia nani. Nilipofika pale palipoandikwa "mgawanyo wa kinasibu" akina mama walinikodolea macho. Nikaiweka fomu chini. Nikawaambia, sikilizeni, ni kama mafungu ya samaki. Kwetu maji ya mafuriko yakikauka, samaki hubaki kwenye vidimbwi, watu huvua pamoja, kisha samaki hupangwa chini kwa mafungu. Mmoja hugeuza mgongo. Mwingine hugusa fungu na kuuliza, "La nani hili?" na yule asiyeona hutaja jina. Hakuna kupendelewa. "Alaa!" wakasema wote, "si ungesema tangu mwanzo!" Wakacheka, wakatia saini, na daktari akanisifu mbele ya wenzangu. Nilifurahi kijinga siku ile.

Kijijini kwetu walichukuliwa watatu. Dada yangu, mama mmoja wa kwaya mwenye sauti ya kuamsha maiti, na bibi mjane aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwa dada. Sheria ya mradi ilinikataza kumpima mtu wa kwetu, kwa hiyo hao walipimwa na mwenzangu, mimi nikabaki na kuhesabu vidonge vyao. Wa nne alikuja kupimwa akakataliwa. Naye ndiye aliyenifanya niandike haya.

Alikuwa mwanamke wa Kiorma, muuza maziwa. Kila asubuhi alikuja kutoka manyata yao na madumu yake mawili, na kijiji chetu chote kilikunywa chai ya maziwa yake. Vidole vyake na magoti vilikuwa vimeanza kuharibika vilevile. Lakini vipimo vya damu na picha ya kifua vilionyesha kwamba alikuwa na kifua kikuu kilicholala. Hakohoi, hakimsumbui, hakimwambukizi mtu, kimelala tu kwenye mapafu. Daktari alieleza nami nikatafsiri kwa Kiorma changu cha kuokoteza. Dawa hii mpya inaituliza kinga ya mwili. Kinga ikitulia, kifua kilicholala kinaamka. Kwa hiyo wewe, mama, dawa hii usiiguse.

Aliniangalia mimi, hakumwangalia daktari. "Nani atajua?"

"Mimi na daktari. Basi."

"Na wale mama ya kijiji chako?"

"Hapana. Ni siri yako."

"Basi nitasema jina langu halikutoka," akasema, akajifunga mtandio vizuri, akaondoka. Daktari alimpa barua ya kwenda kuanza dawa za kukizuia kifua kisiamke. Hakwenda. Wagonjwa wa kifua hukaa nje ya kliniki penye upepo wakingoja kuitwa, na kila apitaye barabarani anawaona. Nani angenunua maziwa kwa mtu aliyeonekana pale? Nilimwelewa vizuri kabisa, ndiyo maana sikumsukuma.

Miezi miwili ya kwanza, jamani, niliamini Mungu ametukumbuka. Siku moja nilifika kwa dada nikamkuta amesimama mlangoni ananingoja. "Tazama," akasema, akashika ncha za leso yake akaifunga mwenyewe kiunoni, fundo safi, akaifungua, akaifunga tena. Nilimkumbatia nikalia kwa sauti, akanisukuma, "Toka hapa, utanichafua." Mama wa kwaya naye alisimama kanisani akatoa ushuhuda, akapiga makofi mpaka watu wakaogopa ataanguka. Alisema amepona, tena kabisa. Bibi mjane peke yake hakuona tofauti. Alikuja na kopo lake kila mwezi, akapimwa, akarudi na fimbo yake.

Mwezi wa nne mikono ya dada ikaanza kufunga tena.

Kwanza nilijitia hamnazo. Nikasema ni baridi ya msimu. Mwezi wa tano vifundo vilikuwa vimevimba waziwazi na daktari akaguna alipoona takwimu zake. Vidonge kwenye makopo vilihesabiwa kila mwezi na hesabu ilikuwa sawasawa, hakuna kilichobaki. Nikaenda kumkabili.

"Dada, unameza dawa?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Ninachopata nameza," akasema, akaanza kuulizia habari za wanangu. Nami kwa upumbavu wangu nikamjibu habari za wanangu.

Ilipita miezi mingine. Mwezi wa nane, Alhamisi ambayo haikuwa siku ya mradi, nilimpitia na samaki. Kutoka njiani nikasikia vicheko barazani. Bibi mjane alikuwa amekaa ameupa ua mgongo, mkono machoni. Mbele ya dada palikuwa na ungo, na juu ya ungo, Mungu wangu, palikuwa na vidonge vya utafiti vimepangwa mafungu manne. Mama wa kwaya aligusa fungu moja. "La nani hili?"

"La mama maziwa!" bibi akaita kwa furaha.

Na mama maziwa alikuwa pale, madumu yake pembeni, amekinga kiganja.

"Ebo!" nikapiga kelele. "Mnafanya nini?"

"Karibu, daktari," akasema mama wa kwaya, wala hakushtuka. "Tunagawana."

Dada ndiye aliyenieleza, tena kwa fahari, kama anavyonieleza jinsi alivyopanga shamba. Walianza mwezi wa tatu. Kila wanapopewa makopo wanayamimina yote kwenye sufuria moja, wanachanganya vizuri kwa mwiko, mkavu, usio na mafuta, alisisitiza hilo, kisha wanagawa mafungu manne. Siku ambazo hazitoshi wanaruka, tena wanaruka wote pamoja ili asiwepo wa kumzidi mwenziwe.

Nilipandwa na wazimu. Niliwaambia wameharibu kazi ya watu, wameharibu mwaka, wamejiharibia wenyewe, wana akili gani. Niliwatukana watu walionizidi umri, na sikuwahi kufanya hivyo maishani mwangu. Dada aliningoja nimalize.

"Wewe ndiye uliyesema ni mafungu," akasema. "Tangu lini fungu likaishia kwenye kutajwa jina? Mtu akitoka na vichwa na miiba wenzake hawamwongezei? Huyu bibi ametoka na miiba mitupu, miezi miwili ninamtazama. Mimi nimepata. Huyu wa kwaya amepata. Niinuke na samaki zangu niende zangu nyumbani?"

Ilikuwa kweli. Ndivyo tunavyofanya, na mimi ndiye niliyewapa mfano wa samaki, nikaukata katikati.

"Na huyu?" nikauliza, nikimwonyesha muuza maziwa kwa kidevu. "Huyu hayumo kwenye mradi."

"Ndiyo maana," akasema dada. "Jina lake halikutoka kabisa. Mwanamke wa Kiorma mmoja tu, na jina lake ndilo lisilotoka? Anatuletea maziwa kila siku, anatuona tunafunguka mikono, yeye yake inafunga. Unataka iende habari huko manyatani kwamba sisi Wapokomo tumepata dawa tukala peke yetu? Umesahau tulikotoka?"

Sikuwa nimesahau. Hakuna mtu wa delta aliyesahau. Kuna miaka hapa ambayo wakulima wetu na wafugaji wao waliuana kwa sababu ya malisho na maji, na tangu hapo mwenye akili hajiweki mahali pa kuulizwa kwa nini fulani alinyimwa. Dada alikuwa amefikiri vizuri kuliko mradi mzima. Alikosa kitu kimoja tu cha kujua, na kitu hicho nilikuwa nacho mimi, na nilikuwa nimeapa kutokisema.

Nikamwita muuza maziwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nilimshika mkono kwa nguvu.

"Wewe unajua kwa nini tulikukataza."

"Najua."

"Basi kataa!"

"Nikikataa wataniuliza sababu," akasema taratibu. "Nitasema nini? Kesho nani atakunywa maziwa yangu?" Halafu akanionyesha vidole. Alivikunja, akavikunjua. "Angalia. Miezi tano. Ilikuwa haifanyi hivi."

Nilimwambia apokee fungu lake kama kawaida ili asiaibike, lakini asimeze, avitupe mtoni akirudi. Akasema, "Wallahi nitatupa." Nikamwamini, na nilimwamini kwa sababu ilinifaa. Ningetaka kweli ningepiga simu kwa daktari siku ile ile. Angekasirika, angefunga kazi kijijini kwetu, angempeleka muuza maziwa akapimwe kifua. Na dada angetolewa. Miezi minane imekwisha, imebaki minne, na miezi hiyo minne ikiisha mikono yake inapata dawa ya hakika kwa miaka mitatu. Nilipima mambo hayo mawili pale kwenye migomba, na nilichagua mikono ya dada. Sisemi sikujua nilichofanya. Nilijua.

Barazani niliwaagiza kila mtu ameze cha kopo lake. Wakasema ndiyo. Ndiyo ile ya kumwondoa mgeni mlangoni naijua, hata mimi huitumia. Niliweka samaki jikoni nikaondoka, na mwezi uliofuata niliandika hesabu ya vidonge: sawasawa, hakuna kilichobaki.

Mwezi wa kumi muuza maziwa hakuja siku tatu mfululizo. Siku ya nne alikuja binti yake na madumu, akasema mama ana homa. Nikasema malaria. Nilisema kwa sauti, barabarani, bila kuulizwa na mtu. Wiki ikapita ndipo nilipokwenda manyatani kumwona. Alikuwa amelala kwenye ngozi, mifupa ya mabega imetokeza, anakohoa kikohozi kifupi kisichokwisha. Aliponiona aligeuza uso ukutani.

"Ulimeza," nikamwambia.

"Mikono ilikuwa inafunguka," akasema.

Sikumlaumu, ningemlaumu nikiwa nani? Tulimtia kwenye gari hadi hospitali. Walimpima wakasema ni kifua kikuu, tena kimeshasambaa. Tabibu aliyempokea aliuliza swali ambalo kila tabibu huuliza. Alikuwa akitumia dawa gani? Mume wake akanitazama, maana yeye hakujua lolote. Na mimi, mtu niliyekuwa nikilipwa kuwauliza watu wajibu kweli, nikasema, "Za maumivu tu." Lilinitoka hivyo hivyo. Nilikuwa nahesabu miezi miwili iliyobaki.

Siku ya tatu nilishindwa. Nilimpigia daktari wetu mkuu nikamwambia yote, tangu ungo mpaka migomba. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Aliuliza tu, "Tangu lini?" kisha akauliza, "Na wewe umejua tangu lini?" Alikuja siku hiyo hiyo, akakaa na wale wa hospitali, wakabadilisha matibabu. Muuza maziwa aliishi siku tisa baada ya hapo. Nilimwuliza daktari kama zile siku tatu za kunyamaza kwangu ndizo zilizomuua. Akasema haiwezekani kujua. Nikamwuliza kama ni vidonge. Akasema inawezekana sana, lakini kifua kilicholala huweza kuamka chenyewe pia, haiwezekani kujua. Ndiyo majibu ya utafiti hayo. Nimeyachoka.

Alizikwa siku ile ile aliyofariki, kama ilivyo desturi yao. Wanawake wa kwetu walipeleka mchele na majani ya chai, wakakaa na wenzao. Hakuna aliyewauliza kitu, na ukimya ule ulinichoma kuliko matusi. Kwa kuwa ugonjwa ulikwisha kujulikana, binti yake alipokuja wiki iliyofuata na madumu mawili alizunguka kijiji kizima akarudi nayo yamejaa. Mama wa kwaya hakununua. Bibi hakununua. Mimi najua vizuri kuliko wote kwamba maziwa yale hayakuwa na kosa, na mimi pia sikununua. Nilijificha ndani mpaka akapita.

Kijiji chetu kikafutwa kwenye utafiti. Mimi nilifukuzwa kazi, na nilistahili. Dada, mama wa kwaya na bibi walitolewa kwa kuvunja masharti, imebaki miezi miwili tu mwaka utimie. Daktari mwenyewe aliwaeleza kwamba huenda ni vidonge vilivyokiamsha kifua cha muuza maziwa, huenda kiliamka chenyewe, hajui. Dawa ya miaka mitatu ikaenda kwa watu wa vijiji vingine, waliomeza kila mmoja peke yake nyumbani kwake. Nimesikia baadhi yao wanalima. Sina kinyongo nao, au nasema sina.

Mwaka ulipokwisha mradi ulipeleka barua kwa kila aliyewahi kupewa kopo, kumweleza kopo lake lilikuwa la aina gani. Ni haki ya mshiriki, imo kwenye fomu. Barua zilifika kwa njia ya kanisa, na baada ya yote yale zilikuwa zimeandikwa Kiingereza. Kwa hiyo Jumapili, baada ya ibada, wale watatu waliniita kwa dada niwasomee. Sikutaka. Mama wa kwaya alinitia barua yake mkononi na kusema kama niliweza kusoma kurasa kumi na moja, na hii moja nitaiweza.

Nikaifungua. Vidonge vitupu.

"Vitupu?" akacheka. "Hebu soma tena."

Nikasoma tena.

"Lakini mimi nilipona! Nilipiga makofi, si mliniona? Ulikuwa wapi wewe?" Alikuwa anamwuliza dada, na alikuwa bado anacheka. Nikaifungua ya bibi. Vitupu pia. Bibi akasema alijua, akaikunja barua akaitia kwenye mkoba wake.

Nikanyoosha mkono nipewe ya dada. Alikuwa ameibana kati ya vifundo viwili vya mikono, maana vidole havikuwa vikishika tena. Hakunipa.

"Usifungue," akasema.

Mama wa kwaya aliacha kucheka. Makopo yalikuwa matatu. Mawili yalikuwa na vidonge visivyoweza kumponya mtu wala kumuua. Nilitaka kusema uongo, nilikuwa hodari wa uongo kufikia wakati huo, lakini nilikuwa nimesoma zile mbili kwa sauti na hapakubaki nafasi ya uongo.

"Si lazima iwe hivyo," akasema mama wa kwaya. "Hata daktari alisema hajui. Kifua huamka chenyewe."

"Nyamaza," akasema dada, bila hasira. Kisha akasema, kwangu mimi, "Alikuwa anapita tu na maziwa yake. Mimi ndiye niliyemwita barazani."

Ni wakati ule nilipomweleza. Sijui kwa nini niliona ndio wakati, labda nilitaka tuugawane ule mzigo. Nilimwambia kwamba muuza maziwa hakukosa jina, kwamba alikataliwa kwa sababu ya kifua, kwamba nilijua tangu siku ya kwanza, na kwamba nilimkuta anameza nikanyamaza kwa ajili ya mikono yake yeye, dada yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaingia ndani.

Hatujagombana. Naenda kila siku, nafua, napika, namwogesha, ananijibu salamu zangu. Ile dawa ya kawaida imepatikana kliniki mwezi uliopita na mwezi huu pia, nikampelekea, akapokea, akasema asante. Jana nilipokuwa natandika kitanda nilizikuta pakiti zote mbili chini ya godoro, hazijafunguliwa. Nilipiga kelele. Nikapiga magoti, nikamsihi kwa jina la mama. Nikamwuliza, kwani mikono haikuumi?

"Inauma," akasema. "Iache iume."